Mzee Ana Homa

Wifi yangu hajui kusema kitu kimeharibika. Kwake kila kitu kinaumwa. Pasi isiyoshika moto ina baridi yabisi, mlango unaolia una kikohozi, na saa ya ukutani ikiishiwa betri atakwambia imezimia. Tabia hii aliirithi kwa marehemu mama yao, muuguzi wa wodi ya wanaume mpaka anastaafu, aliyekuwa anarudi nyumbani na maneno ya wodini kama wengine wanavyorudi na kalamu za ofisi. Watoto wake wawili walikua wakiulizwa kama wamepata choo kabla ya kuulizwa habari za shule. Mmoja ndiye mume wangu, wa pili ndiye huyu wifi, na leo nataka kumsema. Msinielewe vibaya, namsema kwa wema.

Na nikisema wifi nasema ndugu wa mume, si ile ya hewani. Vijana wa pale mtaani kwao wakinisikia naita "wifi" mlangoni huniuliza paswedi ni ipi. Huwaambia ni hodi.

Kazi yake ni kuchora majengo ambayo hayajajengwa. Mchora ramani anampa makaratasi yake ya mistari, ambayo mtu kama mimi nikiyatazama naona kizunguzungu tu, na yeye anayageuza kuwa filamu. Unaingia mlangoni, unapita ukumbini, unaona jua limelala sakafuni, na kumbe hata tofali la kwanza halijafika. Kabla ya hapo alikuwa ofisi ya bima, kwenye kiti kilichotazama ukuta, akishughulikia madai ya watu waliogongana. Siku moja akaacha. Hakugombana na mtu. Aliaga vizuri, akachukua kikombe chake, akaja nyumbani kwa baba yake na kuanza kuunda kompyuta.

Mume wangu alipopata habari alipandwa na mashetani. Lazima mjue kwamba yeye ni mwalimu wa udereva. Gari lake la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na miaka yote ile ya kukaa upande wa abiria imemharibu. Hata sebuleni kwangu, mtoto akikimbia karibu na meza, mguu wa mume wangu unakanyaga zulia. Basi kwa dada yake alikanyaga kwa nguvu zote. Alimwambia anachezea maisha, akamwambia hataingia chumba kile mpaka huo mchezo uishe, na dada mtu akamjibu kwamba chumba hakijamwalika. Tangu siku hiyo mume wangu akienda kumsalimia baba yake hukaa barazani, hunywa chai yake barazani, na huondoka kwa njia aliyojia. Wote wawili wana vichwa vigumu kama jiwe la kusagia. Mimi nikawa mpeleka maneno, leo naambiwa mwambie kaka, kesho naambiwa mwambie huyo dada yako, kana kwamba nimezaliwa naye mimi.

Sasa sikilizeni mambo yalivyofika ukingoni. Mume wangu, bila kumuuliza mtu, alikwenda kumwangukia meneja wa ile ofisi ya bima. Meneja akakubali: kiti bado ni chake, mradi aripoti Jumatatu asubuhi. Na Jumatatu hiyohiyo ndipo wifi alipotakiwa kutoa filamu ya wodi mpya ya wazazi, ambayo wakubwa wa hospitali fulani walikuwa wakutane kuitazama. Mchora ramani alikuwa amemwambia wazi kwamba ikiwahi, kazi zake zote zitakuwa zinapita kwake. Isipowahi, atatafuta mtu mwingine. Wifi akanituma kwa mara nyingine. Nimwambie kaka yake kwamba filamu isipotoka mpaka Jumatatu asubuhi, atakwenda bima kwa miguu yake mwenyewe na hawatagombana tena. Mume wangu alikubali haraka sana. Alikuwa na hakika atashinda, na dada mtu pia alikuwa na hakika atashinda.

Halafu mashine ikaanza kupata joto.

Ile mashine haikununuliwa dukani ikiwa nzima. Wifi ameiunda kipande kwa kipande, vingi vyake vya mitumba, ndani ya kasha la kioo linalotosha kulaza mtoto. Kompyuta ikifanya kazi nzito hutoa joto, na nyingi hupozwa kwa feni tu. Yeye alitaka maji. Pampu ndogo inayasukuma, yanapita juu ya kibati cha shaba kilichokaa pale penye akili ya mashine, yanabeba joto, yanapanda kwenye mipira hadi kwenye rejeta juu ya kasha, feni zinayapuliza, yanapoa na kurudi kwenye tangi dogo. Ni kama gari tu. Maji yenyewe ameyatia rangi nyekundu. Anasema ni ili yakivuja ayaone upesi, lakini anayaita damu, kwa hiyo kila mtu aamue mwenyewe.

Wiki ile, kila alipoiwasha ipike picha, yaani igeuze ile mistari kuwa filamu, ndivyo wanavyosema wenyewe, joto lilikuwa linapanda mpaka karibu na mia, kisha mashine inajizima isije ikaungua. Alipiga mswaki vumbi lote kwenye rejeta. Haikusaidia. Alifungua kibati cha shaba kwa nje, akafuta ile grisi inayopitisha joto na kupaka mpya. Haikusaidia. Aliweka mkono kwenye pampu, ikamtetemekea vizuri kama kawaida. Usingizi ukamwisha, akawa anakula amesimama. Nilipompelekea chakula Jumamosi alinitazama kama vile hanijui, akashukuru, akarudi chini ya meza na tochi mdomoni. Nilimwonea huruma mpaka nikamwombea kimyakimya, jambo ambalo sikumwambia mume wangu.

Jumapili asubuhi akaamua kumwaga maji yote na kukifungua kile kibati kwa ndani, maana kama pampu inafanya kazi na joto haliondoki, basi huenda njia imeziba. Kabla ya kuanza akawaandikia wenzake. Ana kundi la watu kwenye simu wanaounda mashine kama zake, wanashauriana, na humo ndimo mashine yake ilimobatizwa jina la Mzee kwa sababu ya vile vipande vya zamani. Sisi wa nyumbani hatukulijua jina hilo. Hata mkwe wangu hakujua kwamba chumba cha pili ana wajina. Na wifi, kwa macho yale ya kutolala, badala ya kundi la mafundi akabonyeza kundi la familia.

Nilikuwa napiga pasi. Mume wangu alikuwa anang'arisha viatu, akachukua simu, akasoma, na brashi ikamwanguka. Akanipa niisome mwenyewe kwa sababu hakuamini macho yake.

"Mzee ana homa kali tangu juzi. Anapanda mpaka mia halafu anazima. Moyo unapiga lakini nadhani damu haifiki kichwani. Leo namfungua mwenyewe hapahapa nyumbani. Niombeeni."

Mkwe wangu ni mzee wa watu, mpole, mwenye mgongo mbovu. Niliposoma "namfungua mwenyewe" nilichomoa pasi ukutani. Shangazi yao alikwishajibu kwa herufi kubwa kwamba asimguse. Tukampigia wifi, simu imezimwa. Tukampigia mzee, inaita tu, haipokelewi. Mume wangu hakufunga hata kamba za viatu. Mtu ambaye kwa miaka yote anawafundisha watoto wa watu kutulia barabarani aliendesha gari letu la nyumbani siku ile mpaka mimi ndiye niliyekuwa nakanyaga breki ambayo haipo.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Sebuleni hapakuwa na mtu, na simu ya mzee ilikuwa inachajiwa juu ya kabati. Kutoka mlango wa chumba cha wifi kulikuwa na matone mekundu sakafuni, na karibu yake taulo, jekundu lote. Mume wangu alisimama pale akashindwa kupiga hatua. Ndipo wifi akatoka, glavu mikononi, nyekundu mpaka kwenye viwiko, ameshika mswaki, akatutazama kama mtu aliyepata msaada bila kuomba, akasema afadhali tumekuja, tumshikie taa.

Mume wangu aliketi sakafuni.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

"Kwa kinyozi," akajibu wifi.

Na kweli, hata hatujapumua, mzee akaingia nyuma yetu, kidevu kinang'aa, ananukia poda, akauliza kwa nini mwanawe amekaa chini na kiti kipo. Hapo nikaelewa yote kwa mpigo, nikacheka mpaka mbavu zikauma, nikajishika ukutani. Wifi alisoma ujumbe wake mwenyewe kwenye simu yangu, akafunika mdomo kwa glavu na kujipaka wekundu hadi puani. Mzee alipoeleweshwa alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka kwenye zile kamba zilizofunguka, akauliza kama kweli alikuwa amekuja kumzika na fulana ya kulalia. Kisha ikabidi arekodi sauti kwenye kundi kuwathibitishia ndugu kwamba yu hai, na shangazi hakuridhika mpaka alipomtukana kidogo kama kawaida yao.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa analia, tena bila kujificha, na dada yake alipomwona aliacha mswaki akaja kuketi sakafuni karibu naye. Alisema ameogopa. Alisema njiani alikuwa anahesabu mara zote alizokuja hapa akaishia barazani. Wifi alimwegemea, na fulana nyeupe ya mume wangu ikapata doa ambalo mpaka leo sijaweza kulitoa.

Tukanywa chai, kisha wifi akarudi kwenye mgonjwa wake, na safari hii kaka mtu akaingia naye chumbani. Kibati kilikuwa kimeziba kweli. Ndani yake kuna mifereji myembamba kama meno ya chanuo, na ilikuwa imejaa ute mweupe uliotoka kwenye mipira iliyozeeka. Aliusafisha wote kwa mswaki na siki mpaka shaba ikang'aa. Akafunga mipira mipya, akajaza damu mpya, akatandika karatasi laini kwenye kila kiungo aone kama kunavuja. Hakukuvuja. Akawasha, akaiweka ipike picha, na sote wanne tukakodolea macho namba ya joto.

Ikapanda. Ikapanda kama jana na juzi, haikusitasita hata kidogo, mashine ikajizima.

Sijawahi kumwona wifi yangu akiwa mdogo vile. Alivua glavu moja baada ya nyingine, akazipanga mezani. Mchana ulikuwa umeshakwenda. Filamu ilihitaji muda mrefu kupikwa, na kama isingeanza jioni ile isingewahi, hata mimi niliweza kupiga hesabu hiyo.

"Kesho nitakwenda ofisini, kaka," akasema. "Umeshinda."

Nilimtazama mume wangu nikitegemea kumwona ameshusha pumzi. Ndicho alichokitaka, amekitolea jasho, amemwangukia mtu kwa ajili yake. Lakini alikuwa amekunja uso kama aliyeambiwa habari mbaya. Akavuta kiti karibu na kasha.

"Hebu nionyeshe linavyofanya kazi," akasema. "Tangu mwanzo. Mimi sijawahi kukuuliza."

Akamwonyesha. Nadhani alifanya hivyo kwa adabu tu, kama mtu aliyekwishakata tamaa. Akamwambia ashike mpira unaotoka kwenye kibati, akashika, akautoa mkono haraka kwa sababu ulikuwa moto. Akamwambia ashike ule unaoingia. Ulikuwa wa baridi. Mume wangu akauliza, kama mwanafunzi, kama maji yanazunguka kwa nini upande mmoja unaunguza na mwingine hauna habari. Wifi akageukia kasha. Akawasha pampu peke yake, akainamisha sikio kwenye kioo. Ile pampu ilikuwa inakoroma, kama mtu anayevuta soda kwa mrija na chupa imeshaisha.

Ilikuwa hewa. Wifi alijipiga kofi la paji la uso. Kwanza njia iliziba kwa ute, hilo lilikuwa kweli, lakini alipoijaza upya hewa ikapanda na kujikusanya kwenye rejeta kule juu, maji yakashindwa kuisukuma. Dawa yake aliijua siku zote: unaliinamisha kasha huku na huku pampu ikienda, mpaka hewa itafute njia yake kwenye tangi. Alipoiunda mara ya kwanza wenzake wawili walikuja kumsaidia kuinua. Wiki hii alikuwa peke yake, kasha ni zito kuliko yeye, baba yake haruhusiwi kuinua hata ndoo, na alikuwa ametafuta uchafu kwa siku nyingi mpaka hewa haikumjia akilini.

"Kwa nini hukuniita?" mume wangu akauliza.

Wifi alimwonyesha mahali pa kushika kasha.

Tukainua, mume wangu upande mmoja na mimi upande mwingine, wifi akiwa na jagi la maji mekundu juu ya tangi. Nilidhani ni uzito wa mchezo. Jamani, nilitoa jasho kama niliyebeba kabati la vyombo. Wifi akawa anatuongoza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mama yao, naapa, ile ya kugeuza wagonjwa kitandani: mlazeni kulia, polepole, mwacheni apumzike, sasa mrudisheni. Kila tulipomlaza, mapovu yalikimbia kwenye mipira kama siafu waliokanyagwa, yakaibukia kwenye tangi, maji yakashuka, akaongeza. Mguu wa mume wangu ulikuwa unakanyaga sakafu wakati wote. Mzee alisimama mlangoni akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

Kisha mtetemo ukakoma mikononi mwangu. Ghafla tu, kasha likatulia, mkoromo ukaisha, na tukaanza kusikia saa ya ukutani. Tukamshusha. Wifi akaiwasha mashine nzima, akashika mpira wa kwanza kwa mkono mmoja na wa pili kwa mwingine, akafumba macho. Mume wangu naye akashika. Yote miwili ilikuwa na uvuguvugu uleule. Namba ikapanda mpaka sitini na kitu, ikasita pale, ikakaa. Tulisubiri na kusubiri, haikusogea. Furaha niliyoipata siku ile sikuipata hata siku niliyonunuliwa friji, na wala haikuwa mashine yangu.

Jioni tuliiacha ikipika picha. Ndani ya gari nilimchokoza mume wangu, nikamuuliza kuhusu kiti cha bima. Alisema makubaliano ni makubaliano, asubuhi atampitia dada yake, na filamu kama haijatoka atampeleka. Nilimnunia njia nzima.

Jumatatu nilimwambia naenda naye, na sikumuomba ruhusa. Tulimkuta wifi amevaa tayari, sketi ya ofisini, viatu vya ofisini, nywele zimebanwa. Alisema alivaa alfajiri, kwa sababu mashine ilikuwa bado haijamaliza na ahadi aliitoa yeye mwenyewe. Imemaliza sasa hivi, akasema, na filamu ameshaituma kwa mchora ramani. Alisema hivyo akiwa bado amesimama na mkoba begani, kama mtu asiyejua anaruhusiwa kukaa.

Mume wangu akaomba kuiona. Aliketi kwenye kiti cha dada yake, mikono magotini. Tukaingia mlangoni mwa wodi isiyokuwepo, tukapita mapokezi, tukaona vitanda na mapazia na mwanga wa asubuhi ukutani. Ilipoisha akaomba irudiwe. Safari ya pili akainua kidole.

"Wanaosubiri watakaa wapi? Akina baba?"

Wifi akainama, akashika kipanya, akageuza kona ya ukumbi. Chini ya madirisha kulikuwa na mabenchi, marefu, yenye mahali pa kuegemea. Alisema kwenye ramani ya kwanza hayakuwemo, aliyaomba yeye, akagombana na mchora ramani mpaka akakubali. Mume wangu aliyatazama kwa muda mrefu. Nilijua anachokitazama. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza alisimama nje ukutani usiku kucha na kutwa nzima, hapakuwa na pa kukaa, na waliponiruhusu kumwona miguu yake ilikuwa imevimba kuliko yangu. Hakuwahi kumsimulia mtu mwingine ila dada yake.

Akatoa simu. Nilipoona jina la meneja wa bima kwenye kioo nilimshika mkono, nikamnong'oneza asubiri kidogo, maana wale wakubwa wa hospitali walikuwa hata hawajakutana, hatukujua kama wataipenda filamu au wataitupa.

"Najua," akasema, akaweka simu sikioni. Alimsalimia meneja kwa heshima zote, akamshukuru, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamwambia kile kiti ampe mtu mwingine. Meneja aliuliza kitu. Mume wangu akamgeukia dada yake, ambaye alikuwa bado amesimama na mkoba wake.

"Hapana, haumwi," akasema. "Yuko kazini."